Wasifu wa Jirani Yangu, Kipa wa Italia

Niliyoyashuhudia ni machache, nayo nayataja kwanza. Jirani yangu wa hapa Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Mwitaliano mwenye umri unaokaribiana na wangu, ana viganja vipana kama sahani za pilau. Nimemwona akidaka malimau manne kwa nyakati nne tofauti, kibanio cha nguo kilichopeperushwa na upepo, na mara moja kikombe changu mwenyewe, kilichoniponyoka juu ya uzio huku chai ikiwa bado imo. Nimemwona pia akitoboa tundu jipya katika mkanda wake wa suruali kwa kutumia msumari na nyundo. Hayo tu.

Niliyoyasikia ni mengi, nayo hayana mwenyewe. Nilisikia kwamba alilinda lango la Italia akiwa na homa kali na hakufungwa. Nilisikia kwamba aliwahi kuokoa penalti kwa kidevu. Nilisikia kwamba mikono yake imekatiwa bima kubwa kuliko ya nyumba yake, na kwamba askofu mmoja wa kwao alimwomba asimame chini ya mnara wa kanisa siku kengele ilipokuwa inapandishwa, endapo ingeanguka. Hilo la kengele nililisikia kutoka kwa watu watatu katika wiki moja, na kila mmoja alitaja mji tofauti.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya huko nyumbani Tanzania. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba sentensi inayoanza na neno "wanasema" haina miguu ya kusimamia kizimbani. Nilipostaafu na kufiwa na mke wangu, binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinileta Sydney niishi naye. Nilikuja na masanduku mawili ya vitabu, tai nane na tabia hiyo moja.

Jumuiya yetu ya wasema Kiswahili ina siku moja kwa mwaka ambapo wanaume wa Kikongo hucheza mpira na wanaume wa Kikenya katika uwanja mmoja wa Guildford. Sisi Watanzania ni wachache mno kuunda timu, hivyo tulipewa kazi za heshima: mmoja wetu hupuliza filimbi, nami huandika na kusoma wasifu wa mgeni rasmi. Msomaji anafahamu kwamba shughuli yetu isiyo na mgeni rasmi si shughuli, ni mkusanyiko. Mgeni rasmi huketi katika kiti cha mikono kilichofunikwa kitambaa cheupe, wakati sisi wengine tukiketi katika viti vya plastiki. Huvishwa shada la maua ya karatasi zinazong'aa. Wasifu wake husomwa kwa kipaza sauti, kisha hupiga mpira wa kwanza, na watu humpigia makofi hata akiukosa.

Nilikwisha kuwasomea wasifu wageni rasmi tisa. Mmoja alikuwa diwani aliyefika mechi ikiwa imekwisha. Mwingine alikuwa daktari wa meno. Sitasema kwamba sikukitamani kile kiti, kwa kuwa ningekuwa nasema uongo, na karatasi hii ni ushahidi.

Basi Jumamosi moja asubuhi, Mwenyekiti wa kamati alikuja kunitembelea. Ni Mkongo wa Bukavu, mwenye mabega ya mtu anayeendesha mashine za kunyanyulia mizigo ghalani, na sauti ya mtu anayezungumza karibu na mashine hizo. Tuliketi nyuma ya nyumba. Binti yangu alituletea chai na maandazi, akarudi ndani kulala, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku.

"Papa," Mwenyekiti aliniambia, "comité imekaa, imefikiri. Mwaka huu mgeni rasmi ni wewe."

Hapa lazima nieleze desturi, kwa sababu kila kilichofuata kimetoka humo. Kwetu, mtu wa heshima akipewa heshima huikataa mara mbili. Mara ya kwanza husema yeye si kitu. Mara ya pili humtaja mwingine anayestahili zaidi. Mara ya tatu hukaa kimya, na kimya hicho ndicho kukubali. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi.

"Mimi ni nani, Mwenyekiti?" nilisema. "Karani mstaafu tu."

"Hapana, Papa. Ni wewe."

Hiyo ilikuwa ya pili, nami ilinipasa nimtaje mtu. Nilitazama huku na huku nikitafuta jina ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulichukulia kwa uzito. Nikamwona jirani yangu upande wa pili wa uzio, amevaa kaptura na kofia ya majani, akipogoa mlimau wake.

"Heri hata mumchukue bwana yule," nilisema.

Sekunde hiyohiyo limau lilidondoka mtini nyuma ya bega lake. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, limau likaingia kiganjani, naye akaendelea kupogoa kwa mkono wa kulia.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alisimama, akaenda kwenye uzio, akamuuliza kwa Kiingereza amejifunzia wapi kudaka namna ile. Jirani alijibu kwamba zamani, huko Italia, alikuwa kipa. Mwenyekiti alimuuliza kama alikuwa kipa mkubwa. Jirani alicheka, akapunga mkono, akasema hapana, hapana, timu ndogo, si kitu.

Mwenyekiti alirudi kwangu macho yakiwa yamemtoka.

"Umesikia, Papa? Amekataa."

"Amekataa kwa sababu si kweli."

"Mutu mukubwa hajisemi," alinijibu kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya kawaida ya watu wengine. "Mudogo angesema ndiyo. Huyu iko gardien, kipa wa Italie, vrai de vrai." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Na wewe umemuachia kiti. Aksanti, Papa. Roho yako ni nzuri."

Akaondoka. Nilibaki nimeketi nikisubiri aniulize mara ya tatu. Niliposikia gari lake likiwaka, bado nilikuwa nasubiri.

Jioni nilimweleza binti yangu dhuluma hiyo. Alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Baba, si umekataa mwenyewe?"

"Nimekataa kwa adabu."

"Na mzee wa jirani?"

"Yeye amekataa kwa kweli."

Alinitazama kwa muda, kama anavyowatazama wagonjwa wanaodai wamekunywa dawa. "Sasa Mwenyekiti angejuaje?" akauliza, akaendelea kupiga pasi.

Habari zilisambaa kabla hata pasi haijapoa. Kufikia Jumapili ya pili, magari yalikuwa yanasimama mbele ya nyumba ya jirani baada ya ibada. Akina mama wa Kikongo walimletea sombe, yaani kisamvu, na samaki. Wauguzi wa Kikenya walimletea chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Nilimwona mama mmoja akimpa mtoto mchanga amshike, kisha akampiga picha, kisha akamgeuza mtoto upande wa pili akapiga tena. Kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kufanya mtihani wa udereva alipitia kwanza kumshika mkono. Wanasema alifaulu. Mimi nilimwona akigonga pipa la taka wakati anaondoka.

Jirani alijitahidi kusema ukweli, hilo namshuhudia. Nilimsikia mwenyewe, nikiwa naanika mashati, akiwaambia wageni kwamba hakuwahi kuichezea Italia hata siku moja. Walitazamana kwa kuridhika. Mmoja alisema, "Ona unyenyekevu huo," na wiki iliyofuata chapati ziliongezeka.

Hatimaye alinijia kwenye uzio. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi iliyomstahili.

"Hebu nieleze," alisema. "Mtu akitaka kuwakatalia watu wenu, afanyeje?"

"Akubali," nilimwambia. "Upesi, tena kwa majivuno. Hapo ndipo watakapokutilia shaka."

Alijaribu Jumapili hiyohiyo. Alisimama langoni, akajipiga kifua, akatangaza kwamba yeye ndiye kipa bora aliyepata kuzaliwa duniani. Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Walisema pamoja na ukubwa wote ule, ana utani kama mtu wa kawaida. Jioni alikuja kunionyesha bakuli la maharage lenye ukubwa wa beseni.

"Ushauri wako," alisema, akaniachia nusu.

Nilitumia nafasi hiyo kumhoji rasmi. Alikiri kwamba kwa misimu sita alilinda lango la timu ya kiwanda cha vigae katika mji mdogo wa kwao. Walifungwa mara nyingi. Sheria huheshimu maungamo ya mtu yanayompunguzia sifa, kwa hiyo hayo niliyaandika. Alinionyesha pia picha ya wanaume kumi na mmoja waliosimama mbele ya tanuri. Kipa alikuwa amevaa kofia iliyomfunika uso hadi puani. Picha hiyo niliikataa kama kielelezo.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Huyo ni kofia," nilimjibu.

Alikunja mdomo, lakini aliichukua. Kisha aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: kwamba tangu mke wake afariki, mtu pekee aliyekuwa akibisha mlango wake alikuwa mleta barua, na mara nyingi alikuwa amekosea nyumba. Aliinama kwenye nyanya zake, nami nikarudi kwenye maharage yangu.

Hapo ndipo nilipobanwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na siku ya mechi ningesimama na kipaza sauti mbele ya watu wote nisome wasifu wake. Nikiusoma kama kamati ilivyotaka, ningekuwa nimesema uongo hadharani kwa mara ya kwanza tangu niapishwe kuwa karani. Nikisoma ukweli, hakuna atakayeniamini, kwa maana kila mtu alijua kiti alichopewa kilikuwa changu, na angesema nina wivu. Jina langu la mtu asiyesema asichokijua lilikuwa ndicho kitu pekee nilichokuja nacho Australia ambacho hakikuhitaji kupitia forodhani, na sasa nilikuwa karibu kulipoteza kwa sababu ya limau.

Kamati ilikutana nyumbani kwa Katibu, muuguzi wa Kikenya anayeishi Guildford. Ni mwanamke mwenye akili kali, anayeandika mihtasari ya mikutano kabla haijamalizika. Nilisimama nikasoma rasimu yangu.

"Mgeni wetu rasmi ni jirani wa msomaji. Ana mikono miwili. Msomaji amemwona akidaka malimau manne, kibanio kimoja na kikombe kimoja, kikiwa na chai. Amekiri kuwa kipa wa kiwanda cha vigae. Mengine hayajathibitishwa."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Papa," Mwenyekiti alisema, "hii ni wasifu ao ni rapport ya polisi?"

"Ana mikono miwili," Katibu alirudia, kalamu ikiwa hewani. "Mzee, hata mimi nikiomba kazi siandiki nina mikono miwili."

"Nimeandika nilichokiona."

"Bantu wote banajua huyu ni nani."

"Watu wote wanajua kwa sababu wewe uliwaambia, Mwenyekiti, na wewe ulijua kwa sababu alikataa."

Mwenyekiti alijikuna kidevu. Nilidhani nimempata. Kisha akasema polepole, kwa upole wa kuumiza, "Papa, ni sababu ya kiti?"

Nilitazama chai yangu. Katibu alikohoa.

"Sikiza, Mzee," alisema. "Wewe unataka kuona, si ndiyo? Basi umshuhudie. Siku hiyo, kabla usome, umpigie penalti. Wewe mwenyewe. Akidaka, unasoma vile tunataka. Asipodaka, unasoma hiyo yako ya malimau."

Nilizingatia pendekezo hilo. Kama jaribio, lilikuwa na kasoro, kwa sababu mtu anaweza kudaka mpira wa mzee bila kuwa amewahi kuwa kipa wa nchi yoyote. Nilisema hivyo. Tulijadiliana hadi wali ukaiva, tukaafikiana kwamba akiudaka nitasoma tu kwamba "uwezo wake umeonekana mbele ya mashahidi," na kila msikilizaji ataongeza mwenyewe anachopenda. Nilikubali. Nilikuwa sijapiga mpira tangu nilipokuwa chuoni, na hata wakati huo niliupiga kwa bahati mbaya.

Jambo moja zaidi la kuingizwa kwenye kumbukumbu ni viatu. Mgongo wangu hauinami tena vizuri, kwa hiyo binti yangu alikwenda Bankstown akaninunulia viatu vyeusi vya ngozi visivyo na kamba, vya kuchomeka mguu tu. Alichukua saizi moja zaidi, akisema miguu yangu huvimba ifikapo mchana. Siku ya mechi ilikuwa na baridi. Haikuvimba.

Uwanja ulijaa. Timu zilikuwa zinapasha misuli moto, moshi wa nyama ulikuwa unatuelekea, na kiti cheupe kilikuwa kimewekwa kando ya mstari, karibu na goli. Jirani alifika amevaa suti ya kahawia na glavu za kazi za bustani. Watu walimshangilia kama bibi harusi. Alinijia, akaninong'oneza sikioni.

"Unataka niidake au niiache?"

"Nataka ufanye lililo la kweli," nilimjibu.

"Nina miaka sabini na nne," alisema. "La kweli hata mimi silijui."

Akaenda kusimama golini. Katibu aliweka mpira penye alama. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti, akawaomba watu wanyamaze, akaendelea kuzungumza yeye.

Nilivua koti nikampa binti yangu. Alinirekebishia tai. "Baba, taratibu," alisema. Nilihesabu hatua nne nyuma, nikasogea mbele kwa mwendo nilioutumia miaka yote kubeba majalada kutoka masjala hadi kwa hakimu, nikapiga.

Niliyoyaona ni haya, na niliyaona kwa uwazi kabisa kwa sababu yalichukua muda mrefu. Mguu wangu uligusa mpira. Mpira ulianza kubingirika upande wa kushoto, bila haraka. Kiatu changu cha kulia kilitoka mguuni, kikapaa upande wa kulia, juu, kikizunguka. Jirani yangu alitazama kimoja, akatazama kingine. Sijui moyoni mwake aliamua nini, na sitabahatisha. Aliruka kulia. Miguu yake yote miwili iliacha ardhi, suti ikatanuka, na kiatu kikatua katikati ya glavu zake kabla hakijagusa kitu. Alianguka kwa ubavu akiwa amekikumbatia. Nyuma yake mpira uliuvuka mstari, ukasimama.

Niliweza kumsikia mtu akigeuza nyama.

Kisha Wakongo wakalipuka. "Amemuheshimu Papa!" Mwenyekiti alinguruma bila kipaza sauti. "Amemuachia Papa goli! Gardien wa kweli!"

"Wapi," sauti ya Kikenya ilimjibu. "Mzee amefunga Italia. Mimi nimeona."

"Na amedaka kiatu," Katibu aliamua, akiwa tayari anaandika.

Walianza kubishana, na ubishi huo naambiwa haujaisha hadi leo. Mimi nilikuwa na kazi. Nilichechemea hadi kwenye kipaza sauti, mguu mmoja ukiwa na soksi kwenye nyasi zenye umande, nikatoa karatasi yangu mfukoni. Nilisoma rasimu yangu ileile, neno kwa neno, mikono miwili, malimau manne, kibanio, kikombe, kiwanda cha vigae. Nilipofika mwisho niliongeza, "Leo, mbele yangu na mbele yenu, amedaka kiatu cha ngozi kikiwa hewani. Hakudaka mpira."

Sijawahi kusoma wasifu ukapigiwa makofi namna ile. Kila mtu alisikia ndani yake alichokuja nacho. Hakuna aliyesema nina wivu, na hakuna neno moja lililokuwa la uongo.

Jirani yangu alikuwa ameinuka. Alikuja na kiatu, magoti yake yakiwa ya kijani. Alipoona siwezi kuinama, alinishika kiwiko, akanisogeza nyuma, akaniketisha. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa ni kile cheupe. Kisha akapiga goti na kunivalisha kiatu polepole, kama mtu anayerudisha mali ya watu.

"Mguu mdogo," alisema. "Kiatu kikubwa."

"Mwambie binti yangu," nilisema.

Mwenyekiti alisimama mbele yetu na shada la maua mkononi. Alitutazama wote wawili, mmoja amepiga goti, mmoja ameketi. Jirani alikwishaona wale akina mama wa samaki wakimpungia mkono kutoka kwenye viti vya plastiki, na alikuwa ameanza kuinuka kwenda kwao.

"Papa," Mwenyekiti alisema, "baki basi kwa kiti."

"Ndiyo," nilisema.

Nililisema hapohapo, kabla hajafunga mdomo. Nilimwona binti yangu akigeuza uso acheke, na koti langu likimtikisika mikononi.

Matokeo ya mechi ile yana matoleo mawili, nami wakati huo nilikuwa nimefunikwa macho na shada, kwa hiyo sitoi ushahidi. Wala siwezi kusema jirani yangu alikula samaki wangapi. Ninachoweza kukiapia ni kwamba kiti kile kina mto laini kuliko unavyoonekana kwa mbali, kwamba mkono wake wa kushoto umelegea na huyumba ukiuegemea, na kwamba niliuegemea hadi filimbi ya mwisho.